Nguvu ya Rohoni Siku za Dhiki: Askofu Mkuu Luwum na Askari wa Mwaka 1977

Kila mwaka ifikapo tarehe 16 Februari, Uganda husimamisha kazi ili kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1977. Tarehe hiyo imekuwa sikukuu ya taifa tangu mwaka 2015. Lakini kama ijulikanavyo, sikukuu ya raia ni siku ya kazi kwa askari. Wakati waumini wanapomiminika Mucwini, wilayani Kitgum, wapo vijana wenye sare waliosimama tangu alfajiri kulinda njia, na wengine wako lindoni mipakani ambako hata kengele ya kanisa haisikiki. Hao ndio tunaotaka kuzungumza nao leo, kwa maana habari za Askofu Mkuu Luwum, hasa siku zake za mwisho, zimefungamana na askari. Askari waliuvunja ua wa nyumba yake usiku wa manane. Askari walipiga kelele kwamba auawe. Risasi zilizomwua zilitoka katika bunduki zilizonunuliwa kwa kodi ya wananchi, na waliolipeleka jeneza lake kijijini walikuwa wamevaa sare ya taifa.

Pamoja na hayo yote, wenzake waliokuwa naye katika juma lile la mwisho walishuhudia kwamba hakutetemeka, wala kinywa chake hakikutoa neno la chuki. Mtu huipataje nguvu ya namna hiyo? Swali hili si la makasisi peke yao. Askari aliye mbali na mke na watoto, aliyemzika mwenzake juzi na leo anatakiwa kurudi doria katika njia ile ile, analihitaji jibu lake kuliko watu wengi wanaoketi kwa starehe katika viti vya mbele kanisani.

IMANI SI HIRIZI

Yafaa kwanza tuondoe kosa moja ambalo limewapoteza wengi. Wapo wanaodhani kwamba imani ni kitu cha kujikinga, kama hirizi ifungwavyo mkononi ili risasi ipite kando. Dhana hiyo ni ya zamani katika Afrika Mashariki. Katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 kusini mwa Tanganyika, maelfu ya watu waliziendea bunduki za Wajerumani wakiamini kwamba dawa waliyopewa ingezigeuza risasi kuwa maji. Hapa kwetu, katika miaka ya 1986 na 1987, Alice Lakwena, mwenyeji wa nchi ya Acholi kama alivyokuwa Askofu Mkuu mwenyewe, aliwapaka wapiganaji wake mafuta ya mti wa yaa, akawatuma vitani huku wakiimba nyimbo za dini. Walifika mpaka karibu na Jinja, na huko wakavunjwa kabisa mwishoni mwa mwaka 1987.

Tena wale wapiganaji waliambiwa kwamba anayepigwa risasi amepigwa kwa sababu ana dhambi. Tazama ukatili wa fundisho hilo! Kijana anakufa, na juu ya kufa anashtakiwa. Mama yake halii tu kwa msiba, bali pia kwa aibu.

Imani ya Kikristo haikutoa kamwe ahadi kama hiyo. Mitume walipigwa mijeledi, wakafungwa, na wengi wao wakauawa. Na Bwana wao mwenyewe alisulubiwa na askari waliokuwa wakitimiza amri. Janani Luwum alikuwa mtu wa sala, lakini risasi hazikumkwepa. Basi ikiwa mtu anatafuta imani ili asife, ni heri aambiwe ukweli mapema. Nguvu tunayoizungumzia ni nyingine. Ni ile inayomwezesha mtu abaki mtu kamili mahali ambapo hofu au hasira ingeweza kumgeuza mnyama.

MIAKA 29 YA MAZOEZI

Luwum alizaliwa Mucwini mwaka 1922. Alikuwa mwalimu wa shule hata tarehe 6 Januari 1948, siku ambayo yeye mwenyewe aliihesabu kuwa siku ya kuokoka kwake. Kutoka siku hiyo mpaka kifo chake ni miaka 29. Hesabu hii si ya kupita haraka. Askari anajua kwamba kulenga shabaha hakufundishwi siku ya vita, wala kwata haianzi asubuhi ya gwaride. Vivyo hivyo, ule utulivu ambao watu waliuona mwaka 1977 ulikuwa umefanyiwa mazoezi ya kila siku kwa karibu miaka thelathini.

Mazoezi hayo yalikuwa yapi? Luwum aliingia katika ule uamsho ambao Waganda waliwaita watu wake Balokole, yaani waliookoka. Chanzo chake hutajwa kuwa mwezi Septemba mwaka 1929, pale Simeoni Nsibambi na daktari wa Kiingereza, Joe Church, walipokutana Namirembe na kusoma Biblia pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ule ulishika Gahini, nchini Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu hawa hawakuwa na majengo yao wala vyeo vyao. Walibaki ndani ya makanisa yao. Walichokuwa nacho ni desturi chache tu, ngumu kuliko zinavyoonekana. Walikutana mara kwa mara katika vikundi vidogo. Kila mmoja aliyataja makosa yake waziwazi mbele ya wenzake, si makosa ya jirani yake. Aliyeiba alirudisha. Aliyegombana na ndugu yake alikwenda kupatana naye kabla ya kuomba. Mkubwa na mdogo waliketi katika duara moja, na mzee wa kanisa aliweza kuonywa na mpishi wake.

Wapo waliowacheka, na pengine walikuwa na sababu, kwa kuwa baadhi yao walizidisha ukali na kuwahukumu wengine. Lakini desturi ile ya kutokuwa na siri ilizaa jambo ambalo wenye mamlaka wakatili huliogopa sana. Mtu aliyekwisha kuungama makosa yake mbele ya watu hatishiki kirahisi kwa kuambiwa kwamba yatafichuliwa. Polisi wenye uzoefu wanajua jinsi mtu mwenye kitu cha kuficha anavyoongozwa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Luwum hakuwa na kamba hiyo shingoni.

Alisomea kazi ya Mungu katika chuo cha Buwalasi, akawekwa wakfu kuwa kasisi, akapelekwa Uingereza kwa masomo zaidi, na mwaka 1969 akawa Askofu wa Uganda ya Kaskazini, makao yake yakiwa Gulu. Katika ibada ya kuwekwa wakfu kwake walihudhuria Rais Milton Obote pamoja na mkuu wa jeshi, Idi Amin. Tarehe 25 Januari 1971 huyo wa pili alimpindua huyo wa kwanza. Katika miezi iliyofuata, askari wengi wa Kiacholi na wa Kilango waliuawa makambini na askari wenzao, watu waliokuwa wamekula nao sahani moja. Kwa hiyo dayosisi ya Askofu Luwum ilikuwa na wajane wengi wa askari. Alijifunza dhiki kwa kuketi matangani, wala si vitabuni tu. Mwaka 1974 akachaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

LANGO LA NAMIREMBE

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 5 Februari 1977, yapata saa saba na nusu, mbwa walibweka katika nyumba ya Askofu Mkuu kilimani Namirembe. Askari walikuwa wamekwisha kuuvunja ua. Walimtanguliza mtu mmoja waliyekuwa wamemtesa, ili sauti yake imfanye mwenye nyumba afungue mlango. Ulipofunguliwa, waliingia kwa nguvu, wakamwekea Askofu Mkuu mtutu wa bunduki tumboni, wakadai aonyeshe silaha zilipofichwa.

Kwa saa nzima na zaidi walipekua nyumba yote. Walipekua vyumba vya watoto waliolala, wakaingiza mikono katika magunia ya chakula, wakafika mpaka katika kanisa dogo la nyumbani na kutafuta penye meza ya Bwana. Hawakupata kitu. Askofu Mkuu aliwaeleza kwamba nyumba ile ni nyumba ya Mungu, kwamba kazi yao humo ni kuhubiri na kuomba, wala si kuweka silaha. Kwamba wao humwombea Rais, na huwaombea pia askari wa usalama, hata wakitenda lolote.

Walipokuwa wakiondoka walitaka wafunguliwe lango. Mama Mary, mke wa Askofu Mkuu, aliona si haki: walioingia kwa kuvunja ua na watoke kwa njia ile ile. Nani angemlaumu? Lakini mumewe alisema kwamba wao ni Wakristo wenye mioyo safi, na kwamba watalifungua lango liwe ushuhuda kwa watu wale. Likafunguliwa. Askari wakapita.

Jambo hili dogo la lango latufundisha kuliko hotuba nyingi. Mtu aliyetoka kuwekewa bunduki tumboni, katika nguo zake za kulalia, mbele ya mkewe, alikuwa na sababu zote za kuwalaani. Hakuwalaani, wala hakujifanya kwamba walilotenda ni jema. Siku chache baadaye, yeye na maaskofu wenzake walitia sahihi barua ya tarehe 10 Februari iliyopelekwa kwa Rais, na nakala zake kwa wakubwa wengine wa serikali. Humo walieleza bila kuficha habari za watu waliotoweka na wengine waliouawa, na kulalamika kwamba bunduki iliyotolewa ili imlinde raia imegeuzwa kumwelekea raia. Kwa hiyo lango lilifunguliwa, na ukweli ukasemwa. Wengi wetu huweza moja tu kati ya hayo mawili. Anayesamehe hunyamaza kwa woga na kuuita woga wake msamaha. Anayesema kweli huisema kwa chuki. Kuyaunganisha yote mawili ndiyo kazi ambayo mtu haiwezi kwa nguvu zake mwenyewe, na hapo ndipo Wakristo hunena juu ya neema.

Wala jambo hili lisieleweke kama ugomvi wa dini. Mwaka 1976 Luwum alikuwa amekutana na viongozi wa Kikatoliki na wa Kiislamu ili wazungumze pamoja juu ya usalama wa nchi. Damu iliyomwagika katika miaka ile ilikuwa ya watu wa dini zote.

SIKU YA NILE MANSIONS

Tarehe 14 Februari Askofu Mkuu aliitwa Ikulu ya Entebbe, akaenda pamoja na mkewe, akashtakiwa na Rais kwamba anashiriki katika njama za kuipindua serikali. Alikana. Walikuwapo watu waliomsihi akimbie nchi wakati mlango ungali wazi, naye akakataa, kwa kuwa mchungaji hawezi kukimbia akaacha kundi.

Asubuhi ya tarehe 16 viongozi wa dini waliitwa Nile Mansions, Kampala. Uwanjani kulikuwa na askari wengi pamoja na silaha zilizopangwa ili zionekane. Maaskofu walisimamishwa juani kwa saa nyingi. Ukasomwa waraka wa mashtaka, na jina la Askofu Mkuu lilipotajwa, alitikisa kichwa tu. Kisha askari wakaulizwa hao wasaliti watendewe nini. Wakapaza sauti kwamba wauawe.

Hebu tusimame hapa kidogo. Katika umati ule wa askari walikuwamo wakatili, lakini bila shaka walikuwamo pia vijana wa miaka ishirini ambao wiki iliyotangulia walikuwa wamekwenda kusali, na ambao mama zao walikuwa wamebatizwa na makasisi wa kanisa lile lile. Walipaza sauti kwa sababu aliyekuwa kulia kwao alipaza, na aliyekuwa kushoto pia. Hofu yao ilikuwa kubwa kuliko hofu ya yule aliyekuwa akishtakiwa. Yeye alikuwa na bunduki mia zikimtazama, hata hivyo alikuwa huru. Wao walikuwa nazo mikononi, na hawakuwa huru hata kunyamaza. Askari yeyote anayesoma habari hizi na ajiulize angesimama wapi katika safu zile, na kitu gani ndani yake kingemwezesha kufunga kinywa.

Alasiri maaskofu waliruhusiwa kwenda, isipokuwa Askofu Mkuu, ambaye aliambiwa kwamba Rais anataka kuzungumza naye. Alikuwa amekwisha kumnong'oneza Askofu Festo Kivengere wa Kigezi kwamba watamwua, na kwamba yeye haogopi. Alipoitwa aligeuka, akatabasamu, akawaambia wenzake kwamba anauona mkono wa Bwana katika jambo lile. Kivengere na Askofu Silvanus Wani, ambaye aliwahi kuwa kasisi wa jeshi, walibaki nje wakimngoja, mpaka askari walipowafukuza kwa bunduki.

Aliuawa siku hiyo pamoja na mawaziri wawili. Mmoja alikuwa Charles Oboth-Ofumbi, Waziri wa Mambo ya Ndani. Wa pili alikuwa Luteni Kanali Erinayo Oryema, ambaye polisi hawana haki ya kumsahau, kwa sababu ndiye Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda, mwaka 1964. Kesho yake redio pamoja na gazeti la serikali la siku zile, Voice of Uganda, vilitangaza kwamba watu hao watatu wamekufa katika ajali ya gari. Yafaa neno hili lisemwe katika gazeti la umma, kwa kuwa lilikuwa gazeti la umma lililotumiwa kuueneza uongo ule.

WALIOSHIKA BUNDUKI KABALE

Miaka minne kabla ya hayo, tarehe 10 Februari 1973, Askofu Kivengere alikuwa ameona jambo jingine ambalo linawahusu askari moja kwa moja. Serikali iliamuru watu kadhaa wapigwe risasi hadharani katika miji mbalimbali. Watatu kati yao waliletwa katika uwanja wa Kabale, mbele ya maelfu ya watu walioamriwa kuhudhuria. Kivengere alikuwa amemwomba Amin awahurumie, asisikilizwe. Aliruhusiwa tu kuzungumza nao kabla ya kufa.

Alisimulia baadaye kwamba alipowakaribia hakujua aseme nini, lakini wao ndio walioanza kumtia moyo yeye. Mmoja alimwambia kwamba wamemwomba Kristo msamaha, amewasamehe, na akamwomba awapelekee salamu jamaa zao. Nyuso zao ziling'aa. Waliinua mikono yao yenye pingu wakawapungia watu, na wale askari waliopewa kazi ya kupiga risasi walistaajabu hata wakakaribia kusahau kuwafunika nyuso. Kisha amri ikatolewa.

Wale watatu walikuwa na siku chache tu gerezani za kujitayarisha, si miaka 29, na hilo linatupa tumaini sisi ambao tumechelewa. Lakini mara nyingi wanaosimulia kisa hiki huwasahau watu wengine waliokuwa uwanjani, yaani askari wa kikosi cha kuua. Wao nao walirudi kambini jioni ile. Walikula nini? Walilalaje? Mwenye kutenda jambo la namna hiyo kwa amri hubaki nalo, na pombe ya kantini haiwezi kuliosha. Hii ndiyo dhiki ya askari ambayo haiandikwi katika taarifa za vita.

JIBU LA YOHANA KWA ASKARI

Biblia haiwadharau askari. Luka anasimulia kwamba askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wao wafanye nini. Hakuwaambia watupe silaha na kuacha kazi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mishahara yao. Maneno hayo yana karibu miaka elfu mbili, lakini yangeweza kubandikwa leo katika kila kizuizi cha barabarani na kila kituo cha polisi, nayo yangeeleweka bila mhubiri! Alijua vishawishi vya mwenye silaha: kumnyang'anya mnyonge, kumtungia kesi asiye na kosa, na kuutumia udogo wa mshahara kuwa sababu ya yote mawili. Hatusemi kwamba mshahara mdogo si dhiki. Ni dhiki, na wakubwa wana wajibu wa kuiondoa. Lakini askari akila rushwa mara moja, amejifunga kamba ile tuliyoitaja.

Yupo pia akida wa Kapernaumu, aliyehangaika kwa ajili ya mtumishi wake mgonjwa na kusifiwa kwa imani yake kuliko watu wa dini; yupo Kornelio wa Kaisaria, aliyesali na kutoa sadaka akiwa bado katika utumishi wa jeshi. Na yupo mlinzi wa gereza la Filipi, ambaye katika usiku mmoja alitoka katika kutaka kujiua kwa upanga wake mwenyewe, akafika mpaka kuwaosha majeraha Paulo na Sila, wafungwa wake. Huyu wa mwisho anastahili kukumbukwa makambini, maana shauri la kujiua huwajia askari wengi usiku, nao huona haya kulisema. Paulo alimpigia kelele asijidhuru, kwa kuwa wote walikuwapo. Askari akimwona mwenzake amenyamaza kupita desturi, amegawa vitu vyake, hali, halali, basi asimwache peke yake na bunduki. Amwite kasisi au imamu wa kikosi, amwite na tabibu. Kumwona tabibu si upungufu wa imani, kama vile kufunga bendeji si kumkana Mungu.

Kwa habari ya amri, hapana budi kusema waziwazi. Utii ni uti wa mgongo wa jeshi, na Mkristo hapaswi kuwa askari mvivu wa kutii. Lakini utii una mpaka. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 hairuhusu utesaji kwa hali yoyote ile, na sheria ya mwaka 2012 ya kuzuia utesaji inasema kwamba amri ya mkubwa si kinga kwa aliyetesa. Kwa hiyo askari anayekataa kumpiga mfungwa anaishika dini na anaishika sheria pia. Hata hivyo sheria iko mbali sana usiku wa manane katika chumba cha mahabusu. Hapo mtu hubaki na kile alichokijenga ndani yake siku zilizopita, kwa sala fupi za asubuhi kabla ya baragumu, kwa kurasa chache za Maandiko zilizosomwa kwa tochi, na kwa rafiki wawili au watatu wa kikosi ambao anaweza kuwaambia kweli. Kikundi cha watu watatu ndani ya kombania chatosha. Balokole wengi walianza wakiwa wachache kuliko hao.

Askofu Kivengere alikimbilia Rwanda pamoja na mkewe mwezi ule ule wa Februari, wakivuka milima kwa miguu usiku. Uhamishoni aligundua kwamba chuki yake juu ya Amin inamla. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, alitafakari jinsi Kristo alivyowaombea wale askari waliompigilia misumari, akaona kwamba hana ruhusa ya kumchukia hata Amin. Kitabu alichokitoa mwaka huo huo alikiita I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin, na watu wengi walikasirika kwa jina hilo. Mwaka 1979, serikali ya Amin ilipoanguka, alirudi nyumbani akafanya kazi mpaka alipofariki mwaka 1988.

MAKABURI MAWILI

Serikali ilikataza ibada ya kumwombolezea Askofu Mkuu. Hata hivyo Jumapili ya tarehe 20 Februari maelfu ya watu walifika Namirembe, wakasema wamekuja kwa ibada ya Jumapili kama kawaida. Kando ya kanisa lilikuwa limechimbwa kaburi, karibu na kaburi la Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Lakini maiti haikutolewa. Baada ya ibada watu waliendelea kuimba nje, na Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akalikaribia lile shimo tupu. Aliwakumbusha maneno ambayo malaika aliwaambia wanawake asubuhi ya Pasaka, kwamba hayupo hapa, amefufuka.

Maiti ilikuwa imepelekwa Mucwini kwa gari la jeshi, na askari walikuwa wameamriwa waizike upesi kabla watu hawajaiona. Lakini Februari ni kiangazi huko kaskazini, na ardhi ilikuwa ngumu kama jiwe. Walichimba mpaka jua likazama, na kaburi halikufikia kina. Ikawabidi waliache jeneza ndani ya kanisa la kijiji mpaka asubuhi. Usiku ule watu wa nyumbani kwake walilifungua, wakayaona matundu ya risasi, na habari ya ajali ya gari ikaishia hapo.